Droo ya Tatu

Droo ya tatu, chini ya meza yangu,
Barabara ya Nane, Ngamiani,
haifungiki. Imejaa vitochi.
Mia na arobaini na kitu; niliacha kuhesabu
mwaka ule binti yangu alipoanza darasa la kwanza.
Vingine bado vinawaka. Bonyeza kwa ukucha:
mikono miwili inatafutana gizani,
kisha kinakuuliza saa ngapi, kwa adabu,
kama mgeni aliyepitiwa na usingizi sebuleni.

Nilivijua kama ulimi unavyoyajua meno.
Kilichotumbukia kisimani Duga
nilikilaza ndani ya mchele usiku kucha.
Kilichokanyagwa na bajaji Makorora
nilikivika gamba jipya, kikaita
kabla mwenyewe hajanilipa.
Chaji ya Jumatatu iliiona Ijumaa.
Nikisema, "Hii ndiyo simu,"
nani angebisha?

Shemboza, kijana wangu wa kazi,
akaja siku moja na kioo kitupu kiganjani.
Hakina kitufe hata cha dawa.
"Kikianguka?"
"Kitapasuka."
"Chaji?"
"Magharibi haifiki."
"Basi hicho ni kigae cha dirisha," nikasema, nikacheka
mpaka bisibisi ikanidondoka.

Hakubishana. Alikipangusa kwa kidole,
akamgeuzia mteja wangu, Bi Mwanakheri,
na mle ndani mjukuu wake, wa usiku ule ule,
Mtwara, kitovu bado kibichi, anapiga miayo.
Bi aliondoka bila kuaga.
Kitochi chake alikisahau mezani.
Kimo humu. Hajakifuata.

Kule kwenye theluji nao walicheka, naambiwa,
wenye lile jina la herufi tano
lililolala mfukoni mwa hakimu
na penye pindo la kanga ya muuza dagaa.
Walikipima kioo kwa mizani yao:
kikianguka, chaji, bei.
Mizani haikukosea. Ilipima kitu kingine.
Wao waliuza simu,
watu walishaanza kununua dirisha.

Baadaye walileta kioo chao pia. Nilikiuza kimoja.
Kizuri, kigumu, rangi ya embe bivu,
lakini kila alichokitafuta mteja, hakimo.
Nyumba ya mawe, milango ya mninga,
katika mtaa ambao hakuna aliyehamia.
Alikirudisha baada ya wiki. Hakikuwa kibovu.
Kilikuwa kipweke.

Baba yangu alipima kamba.
Kiwanda cha mkonge, njia ya Muheza, miaka ishirini na sita,
anafunga jiwe, anavuta, anaandika.
"Kamba yetu haikatiki," alikuwa akisema,
na kweli, sikuiona ikikatika.
Ikaja ya nailoni, bluu, nyepesi, haiogopi maji.
Baba alistaafu na neno lake la kweli mkononi.
Kamba haikukatika.
Iliacha tu kuulizwa.

Wanasema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Mimi sikutia maji, wallahi.
Tembo lilikuwa lile lile, kali, safi.
Wanywaji walihamia chai.

Shemboza sasa ana duka la vioo, ng'ambo ya barabara,
taa nyeupe mpaka saa nne usiku.
Juzi umeme ulikatika siku mbili.
Vioo vyote vya mtaa vikafumba macho,
naye akavuka, anapapasa kuta:
"Fundi Mhina, una kimoja kinachowaka?"

Nilimpa cha Bi Mwanakheri.
Akamulika makufuli yake, akafunga, akaenda nyumbani
na kiduara kidogo cha mwanga mbele ya miguu.
Majirani waliniambia, Umeona? Vimerudi!
Sijidanganyi. Alitaka tochi.

Asubuhi alikirudisha, amekifuta vumbi.
Nilikiwasha kabla ya kukitupia droo.
Mikono ikatafutana.
Bado kinauliza saa ngapi.