Mstari wa Njano

Kabla hujaingia, Obbo, toa kila kitu mfukoni.
Funguo, sarafu, simu,
na hiyo saa uliyouziwa Malaba ukaambiwa ni ya Uswisi.
Weka kwenye beseni la plastiki. Mkanda pia.
Suruali ikianguka tutacheka,
lakini tutacheka tukiwa wazima.

Meza hii ni mbao tupu, haina hata msumari;
Owori aliiunga kwa gundi na vigingi.
Na hizi ndizo zenyewe. Ndogo, utasema vipande vya sabuni.
Miaka tisa zilikaa kooni mwa kinu cha mahindi
zikidaka misumari, nyaya, kibanzi cha jembe,
ili Tororo nzima ile posho bila kutema chuma.
Sasa kuna kinu Juba kinazisubiri.
Zitakwenda kwa ndege.

Usiziite mawe.
Jiwe hungoja ulidondoshe.
Hii inakufuata yenyewe, na ikifika haina pole.
Muulize Ochwo: alishika moja kila mkono,
mtu akamwamkua mlangoni, akageuka.
Tulitumia kabari ya mvule na nusu saa kukitoa kidole,
na si chote kilichotoka.
Ile salamu hajaijibu mpaka leo.

Kwa hiyo usivute. Hutaweza, na ukiweza utajuta.
Telezesha.
Sukuma kwa ubavu hadi ukingoni mwa meza,
polepole, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua,
kisha ingiza kabari, kisha ubao, kisha pumua.
Mezani iwe moja. Mwenzake akae kule dirishani.
Miwani usoni: zikigongana hupasuka kama bilauri,
na kila kigae bado ni sumaku, kina njaa ile ile.
Usizianike juani pia.
Joto likizidi husahau kazi yake,
wala hazikumbuki tena zikipoa.

Kufunga: mbilimbili,
kaskazini ya hii kwa kusini ya ile,
zimalizane nguvu humo humo ndani.
Plaiwudi katikati. Sponji.
Halafu sahani za chuma pande zote sita,
halafu boksi, halafu boksi la boksi,
zenyewe zikae kati kama kiini cha yai.

Saa saba utamwona mzee nje, nyuma ya mstari wa njano,
ana kapu la mihogo.
Ni baba yangu.
Kinu kile alikifunga yeye, sumaku hizi alizibeba kifuani
zikiwa mpya na yeye ana nguvu.
Siku hizi, hapa, chini ya ngozi, ana kidude cha betri
walichomtilia Mulago. Kinamhesabia moyo.
Mstari niliuchora mimi.
Nilipima hatua nilizoambiwa na daktari
nikaongeza kumi za woga wangu.
Akisema anavuka kidogo tu akusalimie,
mkatalie. Kwa ukali, usimwonee haya.
Mimi nimemzoea; tunapigiana kelele
kama watu wa ng'ambo mbili za mto:
“Athieno! Umeigeuza ile ya tatu?”
Na mara nyingi, kweli, sijaigeuza.

Lete dira.
Mita mbili na kidogo kutoka kwenye boksi, pale nilipochora msalaba.
Rubani ana dira yake, nasi hatumjui,
wala hajui kuna mtu Tororo anayeitwa Obbo.
Zungusha boksi. Upande mwingine. Mwingine.
Jana sindano iliyumba, tukafungua vyote, tukaanza upya
mpaka taa za mtaani zikawaka.
Subiri itulie.

Tazama.
Inaelekea Mbale, kama boksi halipo,
kama hatukufanya lolote tangu asubuhi.

Bandika karatasi ya onyo, andika uzito.
Kisha acha glavu humu ndani,
jikung'ute nguo vizuri, mikono pia,
uvuke mstari wewe
ukampokee mzee kapu.