Mguu wa Kushoto

Fundi Shaame alinitazama kama mtu aliyekuja kuomba ugonjwa.
"Watu wanaikimbia klachi, wewe waifuata?"
Nikamwambia: Supra hii ina miaka thelathini na moja,
na tangu niinunue inaniamulia.
Mie nataka kuulizwa.

Giaboksi ikaja kwa meli, ndani ya gunia la mbata,
imechomolewa kwenye gari lililopinduka Dar.
Mafuta yakadondoka ukumbini,
mama akayakinga kwa sinia bovu, hakusema kitu,
na kutosema kwake nilikusikia mpaka jikoni.

Siku kumi na saba chini ya mabati, Mtemani.
Tobo likakatwa sakafuni. Pedali ya tatu ikachomelewa
kwa chuma cha kitanda cha marehemu babu.
Flaiwili tuliikosea, tukaifungua tena usiku.
Propela ilizidi inchi mbili;
Shaame akaipima kwa uzi, akasema bismillahi, akakata.

Na mguu wangu wa kushoto, maskini,
umri wote kazi yake kutangulia chooni.
Leo umepewa mlango wake.

Kwenye kilima cha bandarini ikazimika mara nne.
Wenye karafuu wakavuta majamvi yao pembeni,
wakacheka bila kuficha meno.
Ya tano niliachia taratibu,
kama anayetoa mkono chini ya kichwa cha mtoto aliyelala,

ikashika,

na Shaame mbio nyuma yetu, anapiga bodi kwa kandambili:
"Ya pili! Tia ya pili, mwanakwetu!"