Makabidhiano ya Pijo

Lusajo, shika funguo,
zimefungwa kwa kinguo;
hili gari si chaguo,
ndilo ninakuachia.

Ni Pijo, rangi ya jivu,
bodi lake lina kovu,
nimeilinda kwa wivu
viazi ikipakia.

Viazi vya Isongole,
lumbesa za enzi zile,
magunia kumi, tele,
na springi hazikulia.

Waliniita kichaa,
mke wa watu kuvaa
ovaroli, na kukaa
boneti kuinamia.

Asubuhi ukitoka
ukungu umetandika,
usiwashe kwa haraka,
vuta choki na tulia.

Ikikohoa, subiri;
hata shangazi, si siri,
kwa baridi ya fajiri
magoti humlilia.

Chomoa kijiti, futa,
kichomeke, kisha vuta,
usome wapi mafuta
kijitini yaishia.

Rejeta mlevi, jua,
dumu la maji chukua;
moto, usije fungua,
mvuke hukurukia.

Anyitike, fundi wetu,
alijifanya ni mtu
asiyechomwa na kitu:
leo kovu latwambia.

Lakini ni mwaminifu,
hauzi spea dhaifu;
wale wa mji, nadhifu,
bei hukupandishia.

Bateri siiamini.
Iegeshe kilimani,
pua itazame chini;
ikishuka, tia gia.

Na jiwe, kabari yake,
gurudumuni liweke;
hendibreki jina lake,
kazi ilishajifia.

Ukishuka Igawilo
na mamia ya makilo,
breki si jawabu hilo,
mapema punguza gia.

Ile ya kukupandisha
ndiyo nayo hukushusha;
wenye haraka hukesha
bondeni wakiumia.

Sakafuni pana shimo,
spidi haina kipimo:
basi chungulia humo
lami inavyokimbia.

Wipa ni moja, ya kwako;
abiria, ole wako!
Kiazi, kwa kisu chako,
kata, kioo futia.

Redio zima, sikiza
yote inayoeleza;
beringi huomboleza
kabla ya kukuachia.

Mkanda ulikatika
Kitonga nilipofika;
soksi yangu nikasuka,
Ilula nikaingia.

Anyitike hasadiki,
husema ni unafiki.
Soksi ipo, haichoki,
kwenye droo, angalia.

Watakucheka wa Noa;
yao ikija kohoa
hawajui la kutoa,
kompyuta husubiria.

Hii ni spana na waya,
koleo, bila ya haya,
na kuiambia, "Haya,
twende, mama, saidia."

Fedha za spea ni mwiko
kugusa kwa pombe yako;
buku tano kila soko
koponi kutumbukia.

Lakini sikudanganyi:
kutu dawa haiponyi,
na rangi haiikanyi,
chini chini hujilia.

Mwisho wa mwezi jilaze
chini yake, uchunguze;
nipeli, grisi zijaze
hadi ije chungulia.

Siku gharama zikija
kwa wiki gunia moja,
uiuze bila hoja,
sitakuja kuilia.

Naongopa. Nitafika,
kanga nimejifunika,
nione inavyotoka
ukungu ikiingia.

Haya. Mlango nyanyua
kwanza, ndipo kufungua;
kubamiza hupasua
kioo kilosalia.