Waya wa Tatu

Jana niliifunga plagi nne mpya,
leo Kapela kairudisha pikapu hapa Isevya
ikitetemeka kama mgonjwa wa homa
kwenye foleni ya Kitete.
"Nyanzala, umeniwekea nini?
Toka Sikonge, ndoo ishirini za asali mgongoni,
inamisi, inakohoa, inataka kuzima."

Sijibu. Nafungua boneti, injini inanguruma.
Kwa koleo la mpini wa mpira
nachomoa waya wa kwanza: inalegea.
Narudisha. Wa pili: inalegea, nusura izime.
Wa tatu —
hakuna kitu.
Kama kumwinua mkekani mtu
ambaye tangu mwanzo hakuwa anakula.

Kapela anawalaani wauza vipuri,
feki, feki, siku hizi kila kitu feki,
nami naitikia "ehe", na huku nakumbuka.

Jana, saa kumi, iliniponyoka.
Iligonga saruji mara moja tu, tii!
Nikaiokota, nikaipangusa kwenye ovaroli,
nikatazama kulia, nikatazama kushoto,
nikaikaza.

Sasa imetoka imelowa petroli,
na kwenye kaure yake nyeupe, ufa
mwembamba kuliko unywele wa kichanga.
Cheche imejipatia njia ya mkato.

"Duka halina kosa. Ni huu mkono."
Ananyamaza. Nyuki wawili wanazunguka ndoo,
wametufuata, au wameifuata mali yao.

Kwenye kopo la skrubu naipata
ile kuukuu niliyoitangaza marehemu.
Naipiga msasa, naipuliza, naikaza kwa vidole kwanza.

Injini inashika. Zote nne.
Kapela anacheka, mimi natafuta chenji
ya plagi moja.