Daftari la Baba

Baba aliandika kila kitu isipokuwa nyimbo.
Nyimbo hazipotei, alisema, zinazopotea ni hela.
Kwa hiyo nilichorithi ni daftari la jalada jekundu,
pembe moja imeliwa na mchwa,
mwandiko umeegemea kushoto kama mtu anayetega sikio.

Ukurasa wa kwanza: Parombo, siku ya soko la pamba.
Shilingi elfu sita na jogoo.
Chini yake, kwa wino mwingine: jogoo katoroka.

Alikuwa karani wa mizani kiwandani Pakwach,
na usiku mmoja redioni akasikia habari
za familia fulani huko Australia, baba, mama na watoto,
wanaozunguka nchi kavu kwa lori
wakiwaimbia wachunga ng'ombe.
Akamwamsha mama.
"Kama wao wana vumbi na sisi tuna vumbi,
kinachotuzuia nini?"
Mama akajibu, "Lori,"
akajifunika shuka.

Tukaanza kwa baiskeli mbili.
Jakisa na adungu ndogo, ile inayolia kama mtoto mwenye njaa,
Piracel nyuma yake na ya kati.
Kubwa, ya besi, ilifungwa mgongoni mwa baba kwa kamba ya katani;
mama alikaa nyuma ameishika isiyumbe,
nami, wa miaka saba, nikawekwa mbele juu ya chuma
nikaambiwa nisisinzie.
Kazi yangu ilikuwa kuigonga ngozi ya besi kwa kiganja
na kutabasamu.
Kutabasamu kulilipwa: shilingi mia. Imeandikwa.

Nebbi, harusi: elfu kumi na tano.
Paidha, mvua: sifuri.
Erussi, matanga ya mwalimu mkuu: hatukudai.
Erussi, kesho yake: wametuletea viazi, gunia zima.
Goli, kanisani: tumefukuzwa.
(Wimbo ulikuwa ule wa mke wa pili.)

Mwaka tuliouza dume la ng'ombe
tulirekodi kaseti Arua, katika chumba
kilichobandikwa trei za mayai kuta zote nne.
Wimbo wa tatu, ubeti wa pili, mama anakohoa.
Fundi alitaka turudie.
Baba akauliza bei ya kurudia.
Kikohozi kikabaki.

Na redio ilipoanza kuupiga kila Jumapili,
mara tu baada ya matangazo ya vifo,
watu waliujua kwa kile kikohozi.
Uwanjani Pakwach, tulipofika ubeti wa pili,
umati wote ulikohoa pamoja,
askari, wauza chapati, mkuu wa wilaya na mkewe,
na mama akacheka hadi mstari ukamponyoka.

Hicho kilikuwa kilele. Daftari halijui neno kilele.
Linasema: Pakwach, laki nne. Viatu vya watoto.

Kisha kurasa zinapungua maneno.
Barabara ya Karuma ikawa ya bunduki,
magari yakivuka kwa misafara.
Jakisa alivuka na msafara mmojawapo, akapata gitaa la umeme
katika hoteli ya Kampala, akiwapigia watu wanaokula.
Baba ameandika: adungu ndogo, hayupo,
kama anayehesabu magunia.
Piracel akaoa mlokole, akaokoka naye.
Mama hakuandikwa.
Pale ambapo angeandikwa kuna ukurasa uliochanwa
vizuri, kwa rula.

Mwezi uliopita walifungua zahanati Parombo.
Jakisa alikuja, mvi kichwani, kucha laini;
Piracel alikuja pia, akamwambia mkewe anakwenda kukagua mihogo.
Tukafika ubeti wa pili, tukaacha nafasi.
Hakuna aliyekohoa.
Vijana walidhani tumesahau maneno,
wakatupigia makofi ya huruma.

Usiku nikalifungua daftari.
Mwandiko wangu umeegemea kulia.
Parombo, zahanati: elfu hamsini, soda tatu.
Jakisa, aliyekuwa akisoma juu ya bega langu,
akauliza kama kutabasamu bado kunalipwa.
Jakisa, kutabasamu: mia.
Hajalipwa.