Mgeni Njoo

Barua ya bima imeniingilia kwenye simu, hapa Al-Khoudh:
riyali mia na kumi na nane.
Mwaka jana tisini na mbili.
Nyumba ile ile, ufa ule ule wa jikoni.

Miaka kumi na moja sikuwadai hata kigae.
Maji ya wadi yalipotufika sebuleni
mimi na Shemsa tulikamua zulia ndooni,
nikaona haya kuwasumbua.

Leo Shemsa kawapigia, kajifanya mgeni:
mtaa huu, milango hii, paa hili.
Sitini na tano, wakamwambia,
na ahsante kwa kutuchagua.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Haya, mgeni kapona.
Mimi natafuta miwani,
nione kwa nani nami niwe mgeni.