Kiti cha Kulia

Miaka thelathini na mmoja nimekaa kiti cha kulia
(upande nasema, si machozi)
nikifundisha watoto wa Oulu kuendesha gari,
na chini ya mguu wangu breki ya pili,
ile ambayo mwanafunzi anajua ipo
ila haioni.
Usukani ni wako, nilikuwa nikiwaambia.
Haukuwa wao hata siku moja.

Hata Eino, mume wangu, akinipeleka kanisani,
mguu wangu ulikanyaga zulia la gari kila kona
mpaka likatoboka.
Akanunua jipya, hakusema neno.
Alikufa mwezi wa tatu, ghafla, akimenya kiazi.
Siku hiyo pia nilikanyaga.
Sakafu ya jikoni haina breki.

Leo tunavuka bahari kwa magurudumu.
Toka Hailuoto hadi bara maji yameganda,
njia imewekewa matawi ya misonobari kuwa alama,
na pale nchi kavu inapokoma pana kibao:
tani tatu, usisimame, usimkaribie aliye mbele.
Ameshika usukani binti yangu Saimi,
Saimi aliyeanguka mtihani mara mbili,
na mara zote mbili mwalimu nilikuwa mimi.

"Fungua mkanda, Mama."
Ndiyo desturi ya barafuni: mkanda hufunguliwa,
dirisha huteremshwa,
ili ikikatika mtu awe na pa kutokea.
Vidole vikagoma.
Maisha yangu yote nimewaambia watu: funga.

Mkobani nina barua ya hospitali.
Saa tano kasorobo, ghorofa ya nne,
daktari ana picha za pafu langu.

Nimesali, msidhani sijasali.
Tangu majani yaanze kupukutika nimepiga magoti kila usiku
juu ya zulia lilelile lenye tundu,
maana sikulitupa, nililiweka kando ya kitanda.
Bwana, maisha yangu ni yako, yaendeshe.
Kisha nikamwelekeza:
Taratibu hapo. Kushoto kidogo. Umeiona alama?
Nilimpa Mungu usukani
kama nilivyowapa vijana wa miaka kumi na minane,
mguu wangu ukiwa tayari.

Barafu inalia.
Haipasuki, asema Saimi, inajinyoosha tu.
Ni mlio wa mlango wa chuma
unaofungwa mbali sana, chini.
Nakanyaga.
Nakanyaga tena, buti linagonga bati,
na Saimi, macho mbele, anacheka kwa pua:
"Mama, huko hakuna kitu."

Huko hakuna kitu.
Mchungaji Kuisma ametuhubiria miaka na miaka
habari za kujikabidhi,
nami nilitikisa kichwa, nikaimba, nikatoa sadaka,
nikarudi nyumbani na breki yangu.

Basi, Bwana,
sina maneno yaliyopangwa. Upepo unaingia dirishani,
macho yananichuruzika, na si imani, ni baridi.
Kiti cha kulia, kweli.
Pafu ni lako. Kivuli kilichomo, kama kimo,
wewe umekwisha kukiona.
Saimi ni wako, hata akibaki peke yake
na nyumba yenye mazulia mengi kuliko watu.
Sikuulizi maji haya yana kina gani.

Nikafungua mkanda.
Ulirudi mahali pake kwa kishindo kidogo,
kama mtu aliyechoka kushika.

Kisiwa hakionekani tena nyuma,
bara halijaonekana bado,
kuna weupe tu, na tawi, na tawi,
na mguu wangu umekanyaga mara ya tatu.
Nikauinua. Nikaukunja chini ya kiti.
Utarudi. Naujua, tumezeeka pamoja.

Saimi amebadili gia, vibaya,
gari likakohoa,
nami nimenyamaza.